Kingalu yupi?

Mitihani imekwisha, bumu nalo limekwisha, kwa hiyo leo tuongee historia, haina gharama.

Rumeti wangu kaazima kitabu cha historia ya Japani. Juzi kaniletea habari za mfalme wao Go-Daigo, aliyetawala kuanzia 1318 hadi 1339. Huyu bwana alijichagulia mwenyewe jina la kuitwa akishakufa. Go-Daigo maana yake Daigo wa baadaye, kwa heshima ya mfalme Daigo aliyemtangulia kwa miaka mia nne. Rumeti akahema: "Wenzetu wana majina makubwa bwana. Sisi tuna nani?"

Nikamwuliza nyanya kanunua wapi. Soko la Chifu Kingalu. Na Kingalu ni nani? "Si chifu fulani wa zamani."

Hilo neno "fulani" likaniuma, maana mama yangu ni Mluguru.

Jamani, Kingalu si mtu mmoja. Ni jina la kiti. Makao yake ni Kinole, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, huko huko zinakotoka ndizi na viungo. Akifariki mmoja, anayeshika kiti anaitwa Kingalu vilevile. Na kwa kuwa Waluguru tunafuata ukoo wa mama, mrithi hatoki kwa mtoto wa chifu, anatoka upande wa dada zake.

Sifa yake kubwa ilikuwa mvua. Ukame ukizidi, watu walipanda Kinole na zawadi zao kuomba. Mlinganishe na Kisabengo, yule Mzigua aliyejenga mji wenye ukuta wa mawe hapa Morogoro. Stanley alipopita 1871 aliukuta mji uko chini ya binti yake, Simbamwene, akauandika kwenye kitabu, dunia ikausoma. Mwaka uliofuata mafuriko yakabomoa ukuta. Kisabengo yumo vitabuni, ngome haipo. Kingalu hakujenga ngome, ila jina lake lilipita kwa Wajerumani, likapita kwa Waingereza, na hata serikali ilipofuta mamlaka ya machifu 1963, jina halikufutika. Februari 2021 likawekwa kwenye soko kuu.

Sasa hofu yangu iko hapo hapo. Jina likishabandikwa ukutani, watu wanaacha kuuliza. Baada ya miaka ishirini Kingalu atakuwa ni mahali pa kushukia daladala tu. Mjapani anamjua Go-Daigo kwa sababu anafundishwa darasani. Sisi tunategemea bibi na babu, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo mlio na wazee Kinole, Matombo au Mgeta, likizo hii kaeni nao mkaulize: Kingalu yupi alifanya nini? Andikeni hata kwenye daftari la lekcha.

Rumeti keshaanza. Kaniomba namba ya mjomba.

Tuko pamoja.