Sikuusahau Mfongo

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba niliusahau. Mwenyekiti wa kijiji nilimwambia hivyo, wazee wa koo zote mbili nao hivyo hivyo, na mama watoto pia. Ni uongo. Mfongo ule niliukumbuka nikiwa na kalamu mkononi, nikauruka kwa makusudi.

Kijana aliyeniletea fomu alikuwa mpole. Aliniita Mwalimu, akasema kata inatakiwa kupeleka orodha ya maeneo ya kihistoria na kwamba hapa Machame hakuna wa kuijaza kunizidi. Sifa hulevya. Nilifundisha historia mpaka nikastaafu, nikaona sasa nimekumbukwa. Nikaketi barazani na kuandika bila kunyanyuka: Nkwarungo, ambako wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893, hospitali ya misheni, mahali alipokaa Mangi Shangali, mtawala wa Machame, na baadaye mwanawe Abdiel, majengo ya zamani ya kahawa. Kila kimoja kilikuwa na mwaka wake na picha yake, na watu waliokwisha kukiandika. Orodha ikapendeza.

Mfongo hauna jiwe la msingi. Ni mfereji wa udongo unaotoka juu mtoni, unaozunguka vilima kwa mteremko mdogo mno hata mgeni huapa kwamba maji yanapanda, kisha unagawanyika kuingia vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Waliouchimba hawakuwa na kifaa cha kupimia. Kwenye mlango wake wa maji, pale mtoni, maji huelekezwa kwa mawe, vigogo vya migomba na mabonge ya udongo wenye majani, mvua kubwa ikibomoa hujengwa tena. Ukoo wa aliyeuchimba ndio wenye sauti, na katika ukoo huo hutoka mzee wa kupanga zamu. Baada ya masika kila nyumba hutoa mtu wa kusafisha. Asiyekuja hutozwa, zamani kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwingereza Harry Johnston alipokaa Moshi mwaka 1884 alikuta mifereji ya namna hii ikifanya kazi, akaiandika kwa mshangao. Utaratibu mzima huo, wa maji, wa sheria na wa heshima, nimeukulia. Nimetumwa na bibi yangu usiku kulinda zamu yetu isiibwe.

Wala siwezi kujitetea kwamba sikujua mambo ya namna hiyo huhesabiwa. Mlima Kilimanjaro wenyewe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1987 kwa maumbile yake, sisi wakazi wa miteremkoni hatumo. Lakini mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu, huko Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wenye uzito wa dunia. Nilisoma habari hiyo na nikajisifu nayo kwa wageni.

Kilichoniumbua zaidi ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja kile kilichojengwa na watu kabla ya mwaka 1863. Cha baadaye lazima waziri akitangaze. Hebu pima orodha yangu: misheni ni ya 1893, na mengine yote niliyoyaandika ni ya baada ya 1863. Hakuna hata kimoja kilichovuka kizingiti hicho kwa miguu yake. Lakini mfongo ule, kwa masimulizi ya koo zote mbili, ulikuwa unatiririka enzi za Mangi Mamkinga, yule aliyempokea mmisionari Johannes Rebmann katika safari aliyoianza Novemba 1848. Kitu pekee katika kata yangu ambacho huenda kisingehitaji kubembelezewa waziri ndicho nilichokiacha.

Nasema koo zote mbili, na hapo ndipo penye siri. Fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika mwanzilishi. Ukoo mmoja unasema babu yao ndiye aliyechimba. Ukoo wa pili unasema alikuwa kibarua tu, aliyeongoza ni babu yao wao. Ugomvi huu umevunja uchumba, umehamisha viti kanisani. Ukoo mmojawapo ni wa wakwe zangu. Nikajiuliza niandike jina gani, nikaona nitaharibu Krismasi, watu wote wakiwa wamepanda kutoka Dar es Salaam na Arusha. Nikauacha mfongo, nikaandika misheni.

Mwaka mmoja baadaye barabara ya kijiji ilipanuliwa ili magari ya ndizi yapite. Waliopima waliuliza kama kuna kitu cha kihistoria njiani, wakafunguliwa orodha yangu, wakakuta njia ni nyeupe. Katapila likaingia. Kipande kirefu cha mfongo kilifukiwa kwa kifusi kabla ya saa sita mchana, na vihamba vya chini vikakosa zamu kiangazi kizima. Watu waliwalaani wenye katapila. Nami nililaani pamoja nao, tena kwa sauti kubwa.

Nilisema kweli kwenye kikao cha koo zote mbili, nikitetemeka. Nilitegemea wanifukuze. Walinyamaza, kisha mzee wa upande wa pili, si wa wakwe zangu, akaniuliza: "Baba, kwani nani alikuomba utuamulie? Si ungeandika majina yote mawili?" Nilikosa la kujibu. Nilifundisha watoto miaka yote kwamba masimulizi yanayopingana huandikwa yote, kisha hupimwa.

Walinitoza mbege, pipa zima, na nimelipa. Pia nimepewa kipande cha juu karibu na mlango wa maji nikisafishe kila baada ya masika, mimi mwenyewe, bila kutuma kijana. Fomu mpya imekwenda ikiwa na mfongo, majina mawili ya waanzilishi, na maelezo ya sehemu iliyofukiwa na sababu yake. Bado haijajibiwa. Kuhusu nani alichimba, ubishi umeanza upya, safari hii mbele yangu, na daftari linajaa.