Mashimo Kumi na Sita

Beetle ikiwa na shida ya hedi huwa haifichi. Inaanza kupumua kama mtu aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya nane: chaf, chaf, chaf, hasa ukiipeleka mlimani. Ukizima injini na kupapasa chini ya silinda, unakuta unyevu wa oili mahali pasipofaa kuwa na oili. Mama yangu aliisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni mwalimu mstaafu, anaishi Nakuru, ana miaka 71, na ameendesha Volkswagen 1300 ya 1970 tangu 1986, alipoinunua ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili. "Hiyo si ekzosi," aliniambia kwa simu. "Ekzosi hulia nyuma. Hii inalia kando."

Fundi wa mtaani alifungua kava ya vali, akatoa roka, akaanza kukaza nati za hedi moja moja. Saba zilikaza. Ya nane ikazunguka. Ikazunguka tena, laini kabisa, kama kifuniko cha chupa kisichoshika. Fundi akasimama, akajipangusa mikono, akasema neno moja: "Stadi."

Hapa sizungumzii stadi wa kazi. Stadi ni fimbo ya chuma yenye thredi pande zote mbili. Mwisho mmoja umefungwa ndani ya bloku, mwingine unatokeza kwenye hedi na kufungwa nati. Injini ya Beetle ina stadi 16, nne kwa kila silinda, na ndizo zinazobana hedi, silinda na bloku pamoja kama nyama kwenye mshikaki. Moja ikiachia, moto wa silinda unapata pa kutorokea. Ndiyo hiyo chaf chaf.

Ajabu ni kwamba stadi yenyewe haikuwa na kosa lolote. Ilitoka nzima, na kwenye thredi zake kulikuwa na uzi wa kijivu umejiviringisha. Huo uzi ulikuwa bloku. Bloku ya Beetle imetengenezwa kwa magnesiamu, chuma ambacho wahandisi wa Volkswagen walikipenda kwa wepesi wake: lita moja ya magnesiamu ina uzito wa kilo 1.74, ya aluminiamu 2.7, ya chuma cha kawaida karibu 7.9. Gari ambalo injini yake inaning'inia nyuma kabisa linahitaji wepesi huo, la sivyo mkia utaliendesha kwenye kona. Shida ni kwamba magnesiamu ni laini. Injini ikipata moto, hedi ya aluminiamu inatanuka kuliko stadi za chuma zinavyotaka kurefuka. Kitu lazima kiachie, na kinachoachia ni thredi zilizokatwa ndani ya magnesiamu. Ongeza vumbi kwenye mapezi ya silinda, mkanda wa feni uliolegea, na miaka mingi ya mafundi wanaokaza kwa nguvu za bega.

Kuhusu hilo la bega nina maoni makali kidogo. Nati za hedi za injini hii zinatakiwa kukazwa kwa futi-pauni 23, sawa na kama Nm 31. Nati za magurudumu ya Toyota ya kawaida huenda hadi karibu Nm 103. Kwa hivyo fundi akiweka spana ndefu pale, akakaza "hadi asikie," ameshapita. Na hii si shida ya gari la maskini, usije ukadhani hivyo. Porsche 911 za lita 2.7, za miaka ya 1970, zina bloku za magnesiamu na zinajulikana kwa ugonjwa huu huu.

Habari ilifika Doha, ambako kaka yangu anafanya kazi, na jibu likarudi kabla chai haijapoa. Uzeni. Kuna jamaa mwenye mkahawa upande wa Naivasha alikuwa ameshauliza bei, anataka kuliweka nje, alijaze udongo, apande maua. Kaka alikuwa tayari kuongeza pesa tununue Vitz. Automatiki, rahisi, spea ziko kila kona.

Kwa hesabu, kaka alikuwa sawa kabisa. Lakini kuna kitu ambacho ukiwa Doha hukioni. Mama akiuza Beetle hataendesha gari lingine. Alishajaribu la jirani, akarudi baada ya dakika kumi, akaweka ufunguo mezani, basi. Jumamosi zake za kwenda Njoro kwa dada yake, kanisa, soko, kumpeleka jirani kliniki, vyote vingegeuka kuwa maombi: nipeleke, nisubiri, unarudi saa ngapi? Ndani ya Vitz angekuwa abiria. Mathe hajawahi kuwa abiria mzuri. Ndiyo maana tulikuwa tunaongea juu ya shimo la milimita kumi kama watu wanaoongea juu ya upasuaji.

Fundi wa mtaani alikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, gundi ya chuma. Hapana. Gundi ya dukani ndani ya shimo linalovutwa kila injini inapopata moto ni kununua wiki mbili tu. La pili lilikuwa na akili: kulipanua shimo, kukata thredi kubwa zaidi, kisha kuingiza bushi ya chuma yenye thredi nje na ndani. Stadi inarudi ndani ya bushi, na bushi inashika magnesiamu kwa mzingo mpana kuliko stadi ilivyoshika. Hata Volkswagen wenyewe waliishia hapo: katika miaka ya 1970 walianza kutoa bloku zilizowekwa bushi tangu kiwandani, na stadi nyembamba za milimita nane badala ya kumi.

Yeye alitaka kurekebisha shimo moja. Shilingi 1,500, siku moja, injini isifunguliwe yote.

Kwa mashine nzuri ya kutoboa, nilielekezwa kwa mzee wa lethi kule Kariobangi Light Industries, Nairobi. Nilimpigia. Akauliza swali moja tu: "Umepima hizo kumi na tano?" Akasema iliyong'oka imetangulia tu, zingine ziko kwenye foleni. Ukirudisha hiyo moja ikawa ngumu, mzigo unaenda kwa jirani yake aliyechoka. Ukishafungua, fungua yote.

Mashimo 16. Bushi moja 350, kutoboa na kukata thredi 200 kwa kila shimo. Jumla 8,800, kabla ya gasket, oili na fundi wa kufungua na kufunga. Nilimpigia mama hesabu. Alinyamaza, nikasikia redio yake nyuma. "Akimaliza zote kumi na sita, itafika lini tena?" Nikamwambia, kwa jambo hili, huenda isifike tena wakati wetu. "Basi beba."

Nusu mbili za bloku zilisafiri hadi Nairobi ndani ya gunia la viazi, chini ya kiti cha matatu. Mzee alipoinua nusu moja kwa mkono mmoja, alicheka. "Msichana, hii imetoka kwa ndege?"

Kabla ya kuwasha chochote, alisogeza debe la mchanga mkavu karibu na mguu wake na kuondoa ndoo ya maji. Nilidhani ni mambo ya usafi. Kumbe vipande vidogo vya magnesiamu vinashika moto, na ukivimwagia maji moto unazidi, kwa sababu magnesiamu inayowaka inanyang'anya maji oksijeni na kuacha haidrojeni, ambayo nayo inawaka. Alifagia baada ya kila shimo. Makapi yote yalienda kwenye mkebe wake pekee, mbali na cheche za jirani aliyekuwa anachomelea geti.

Kazi yenyewe ilikuwa polepole kuliko nilivyowazia. Alitumia nusu saa kuilaza nusu ya kwanza ikae sawa kwenye mashine, akipima kutoka uso ule ambapo silinda hukaa, maana shimo likiinama kidogo tu, stadi itatoka imepinda na hedi haitaingia. Akatoboa kwa hatua hadi milimita 12.5. Kisha akaweka tapu ya 14 na kuizungusha kwa mkono, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, oili nyepesi, pangusa, tena. Bushi ziliingia na gundi ya thredi, chini ya uso kwa unywele tu ili silinda isikanyage juu yake. Kwenye shimo la tano, thredi za zamani zilitoka zenyewe kabla ya ncha ya drili kufika chini. Alinionyesha kiganjani, unga wa kijivu. Hakusema "si nilikwambia." Akaendelea na la sita.

Nakuru, tulifunga kwa spana ya toki ya kukodi. Hedi inakazwa mara mbili: kwanza futi-pauni 7 kwa mpangilio mmoja, kisha 23 kwa mpangilio mwingine. Mama alikaa kwenye stuli na miwani yake, kitabu cha gari mapajani, akisoma namba kwa sauti ya darasani. Fundi akirukia nati ya mbele, anarudishwa. "Hapana. Sasa ni ile ya juu kushoto." Nati zote 16 zililia klik na kusimama.

Kuna Beetle zilizoshinda Safari Rally, 1954 na 1962, kwenye barabara zilizokuwa tope tupu. Hii haitashinda chochote. Jumamosi iliyofuata ilienda Njoro na kurudi na gunia la kabeji, kavu chini ya silinda, kimya kando. Kaka bado anatuma picha za Vitz. Juzi mama alimjibu, akamwambia kama zile pesa bado zipo, tairi za nyuma zimeisha.