SAFARI YA MAFINGA: NGUZO ISIYOLIWA NA MCHWA



Nyumba yako ina nguzo ngapi? Je, umewahi kuzichungulia chini, pale zinapoingia ardhini?

Mimi sikuchungulia. Mwaka 2019, katika kijiji ninachofanyia kazi, tulijenga ghala la mahindi la kikundi. Tulitumia nguzo za mkaratusi zilizokatwa juma lile lile. Zilikuwa bado mbichi. Mwaka 2022, wakati wa mvua, ghala liliinama. Kwa nje nguzo zilikuwa nzima. Ndani zilijaa mchwa. Magunia 14 yaliloa. Wazee waliniuliza, "Bwana Shamba, si wewe uliyetuonyesha?" Sikuwa na jibu. Basi nikafunga safari kwenda Mafinga kujifunza.

Nchi ya misindano

Mafinga iko katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Ukitoka Iringa mjini, unashika barabara kuu ya Mbeya, mwendo wa kilomita kama 80. Huko ni baridi. Asubuhi ukungu hufunika barabara. Utaona misindano imepandwa kwa mistari, kama mahindi shambani. Hilo ni shamba la miti la Sao Hill. Ni shamba la serikali, na ndilo kubwa kuliko yote ya aina hiyo katika Tanzania. Pembeni yapo mashamba ya wanakijiji pia.

Mjini utasikia misumeno ikilia na utanusa utomvu wa mbao. Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza: mti una umri wake. Msindano wa mbao unahitaji miaka 18 au zaidi. Watu wengine wenye shida ya fedha huukata ukiwa bado mchanga. Mbao zake ni laini, hupinda, na huoza upesi. Kwa hiyo, unaponunua mbao, uliza umri wa mti. Dai pia risiti na hati ya kusafirishia. Mbao zisizo na hati zinaweza kukamatwa njiani, na wewe ukapata hasara.

Jinsi dawa inavyoingia

Nilipelekwa mahali nguzo za umeme zinapotiwa dawa. Kwanza nguzo humenywa ganda, kisha hupangwa zikauke. Mti mbichi umejaa maji. Dawa haina pa kuingia.

Nguzo zikikauka, husukumwa ndani ya tangi refu la chuma, lililolazwa kama pipa kubwa. Mlango hufungwa. Mashine huvuta hewa iliyomo, hata ile iliyo ndani ya mti. Kisha dawa huingizwa na kusukumwa kwa nguvu nyingi mpaka izame. Nguzo hutoka na rangi ya kijani. Dawa hiyo ina shaba, kromiamu na arseniki. Kuvu hawauozeshi mti huo, na mchwa hawaupendi.

Jihadhari na rangi

Kijani si dawa siku zote. Wako wauzaji wanaopaka mbao rangi au kuzichovya mara moja tu. Fanya hivi: mwombe muuzaji akate kipande kidogo, mbali na ncha. Tazama pale palipokatwa. Kama kijani kiko juu tu kama ngozi ya kitunguu, usinunue.

Ukikata nguzo ya dawa, ile sehemu iliyokatwa isiingie ardhini. Iweke juu. Katikati ya mti dawa huwa haikufika.

Usipikie mabaki

Njiani nilipita penye nyumba mpya. Mama mmoja alikuwa anakoka moto kwa vipande vya kijani.

"Shikamoo, mama. Kuni hizi umezipata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Fundi ameziacha. Zinawaka vizuri sana."

Nilimwomba auzime moto ule, nikamweleza sababu. Arseniki ni sumu. Mbao hizo zikiungua, sumu hutoka katika moshi na kubaki katika majivu. Haina harufu ya kukuonya. Usipikie mbao hizo. Majivu yake usitie bustanini, wala mifugo isiyalambe. Vipande vilivyobaki vikusanywe mbali na watoto, na umwulize aliyekuuzia au ofisi ya kijiji pa kuvitupa.

Fanya hivi nyumbani

Labda utasema, "Bwana Shamba, sina fedha za nguzo za dawa." Sikiliza basi.

1. Kata mti uliokomaa. Menya ganda siku hiyo hiyo. Wadudu hupenda kujificha chini ya ganda.

2. Panga miti kivulini, juu ya mawe. Weka vijiti katikati ili upepo upite. Acha miezi kadhaa mpaka ikauke.

3. Usichimbie nguzo ardhini. Jenga msingi wa mawe na saruji, na nguzo isimame juu yake. Mti mkavu hauozi. Unaoza ukiwa na maji.

4. Kati ya msingi na nguzo weka kipande cha bati. Kingo zake zikunjwe kuelekea chini. Mchwa watalazimika kupita nje, nawe utawaona.

5. Acha upenu mpana ili mvua isipige ukuta.

6. Kila mwezi kagua msingi. Ukiona njia ya udongo ya mchwa, ibomoe na ufuate inakotoka.

Watu wengi hupaka oli chafu ya gari. Oli hiyo haizami ndani sana, na huharibu maji na udongo. Iache.

Ghala letu tumelijenga upya mwaka 2023, juu ya mawe. Kila mwezi mimi na wanakikundi tunainama kulichungulia. Nawe, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, chukua kisu. Nenda kachome nguzo yako pale karibu na ardhi. Kisu kikizama kama katika kiazi kilichopikwa, usingoje mvua.