Siku Nne Nairobi kwa Familia Iliyotoka Guangzhou

Leo nawaomba wasomaji wetu, hasa akina mama, mniwie radhi nitoke kidogo katika darsa zetu za kila wiki, niwahadithie safari yangu ya Nairobi. Sikwenda matembezi, nilitumwa. Dada yangu ana binti aliyekaa Uchina na mumewe tangu 2013 hadi Januari 2020, naye sasa alikuwa ameazimia kurudi huko na watoto. Dada hakutaka kulisikia hilo. Akaniambia, "Wewe ndiwe mjomba wake, na wewe ndiwe sheikh. Nenda ukamkataze." Nikaitikia bila kusita, kwani hata mimi moyoni nilikuwa upande wake.

Ilikuwa Agosti 2023, shule zimefungwa. Nilipanda treni ya Madaraka pale Miritini asubuhi, na njia nzima nikawa napanga maneno yangu. Reli yenyewe, kama mjuavyo, imejengwa na Wachina na ikafunguliwa 2017, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kumzuia mtu asiende Uchina nikiwa nimeketi juu ya kazi ya mikono yao. Syokimau tukashuka, tukaingia treni ndogo inayofika hadi stesheni kuu ya mjini. Mpwa wangu alinipokea hapo na binti zake wawili, mkubwa wa miaka 14 na mdogo wa miaka sita. Akaubusu mkono wangu, akasema, "Mjomba, bila shaka hujaswali. Twende Jamia kwanza."

Msikiti wa Jamia ulijengwa baina ya 1925 na 1933, na kila niingiapo Nairobi huona kana kwamba makuba yake matatu na minara yake miwili ndiyo mji wenyewe, na maghorofa yaliyouzunguka ni wageni tu. Tulipokutana nje baada ya swala, mama mtu alinisimulia jambo ambalo sijalisahau. Walipofika Nairobi kutoka Guangzhou, yule mdogo alikuwa na miaka miwili, na mchezo wake mkubwa ulikuwa kutandika msala na kuwaigiza wakubwa. Kila mara aliutandika ukielekea magharibi, kwa kuwa Uchina Makka iko magharibi, ilhali kwetu iko kaskazini. Kila wakimgeuza hujigeuza tena. "Ilimchukua mwezi mzima kuzoea," akasema. Binti mdogo akaona haya, akajificha nyuma ya buibui la mama yake.

Kesho yake tulikwenda Luthuli Avenue, kwenye duka la taa ambalo shemeji yake analisimamia. Mtaa ule sitausifu. Una kelele, na mpita njia asipoangalia hubebwa na mkokoteni. Mume wa mpwa wangu ni wakala: hukaa Guangzhou, huwatafutia wenye maduka wa Nairobi bidhaa, huzikusanya ghalani hadi kontena lijae, kisha huzipakia melini. Mzigo huteremshwa Kilindini, mbele ya macho yetu sisi watu wa Mombasa, tusijue ni riziki ya nani. Ndani ya duka masanduku yalifika dari, yote yameandikwa Kichina. Binti mkubwa akayapitia kwa kidole, akamwambia ami yake kwa adabu, "Ami, hili limeandikwa lisiwekewe kitu kizito juu." Juu yake palikuwa na masanduku kumi. Ami akacheka, lakini niliona vijana wa duka wakianza kuyashusha.

Nyumba yao iko Kilimani, mwendo wa nusu saa kwa matatu kutoka katikati ya jiji ikiwa barabara ni nyeupe, na haiwi nyeupe. Miaka ishirini iliyopita nilipajua mtaa huo ukiwa wa nyumba za chini zenye bustani. Sasa ni maghorofa, na vibao vya maandishi ya Kichina viko kwenye mikahawa, maduka ya mboga na vinyozi. Ghorofa ya chini yao anakaa mama mmoja wa Kichina ambaye mumewe ni mhandisi. Si Muislamu. Hajui Kiswahili wala Kiingereza cha kutosha kununulia nyanya, na binti yetu ndiye mkalimani wake kibandani. Mama huyo alipojua jirani zake hawali nguruwe, alinunua sufuria mpya na kuiweka kando, na akipika tambi za mboga za kuwaletea huipikia hiyo tu. Mpwa wangu aliniuliza kama wafaa kula. Nikamwambia alete bakuli, tukala pamoja.

Usiku wa pili, watoto wakiwa wamelala, akanisimulia maisha ya kule. Nami nayaandika kama nilivyoyasikia, maana kwetu tumezoea kusikia habari za Guangzhou kwa wanaume, na habari zao ni bei tu.

Walipanga nyumba mtaa wa Xiaobei, ambako Waarabu na Waafrika ni wengi na nyama ya halali haitafutwi mbali. Ijumaa mumewe aliswali kwenye msikiti wa kaburi ambalo wenyeji wanalinasibisha na Saad bin Abi Waqqas (RA). (Wanavyuoni wetu wanasema Saad alizikwa Madina, Baqii, nami niko nao. Lakini kumpenda Sahaba hata ukamdai ndugu si aibu kwa umma.) Nje ya msikiti huo Waislamu wa Kichina huuza nyama ya kondoo, mikate ya tanuri na tende, na mpwa wangu alifanya hapo soko lake la wiki. Nazi alizipata. Tatizo la mbuzi ya kuzikunia alikuwa amelitatua mapema: aliibeba yake kutoka Mombasa, na uwanja wa ndege maofisa wakaikunja na kuikunjua, wakamwita na mkubwa wao, hawajui ni kigoda au ni silaha. Ikabidi aikalie mbele yao, aigize kukuna. Wakamgongea muhuri wakicheka.

Nyumbani palikuwa na sheria moja: viatu na Kichina vinaachwa mlangoni. Ndani ni Kiswahili, na baada ya Magharibi ni Kurani. Binti alisoma shule ya Wachina, akaenda na chakula chake cha mchana kila siku. Ramadhani ya mwaka wake wa saba alitaka kufunga, na mwalimu akampigia simu mama yake kwa hofu, akidhani mtoto ananyimwa chakula. Alipoelezwa, akamtafutia kiti maktaba saa ya chakula ili asikae mbele ya wenziwe wanaokula. Mwalimu huyo huyo siku moja alilisomea darasa kwamba mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme wa Uchina twiga, akamwita binti yetu asimame aonyeshe kwenye ramani Malindi iko wapi. Nimesomesha watoto miaka thelathini, na sikumbuki kama nimewahi kuwafundisha habari hiyo mimi.

Idi ilikuwa ngumu. Si sikukuu kule. Shule iko wazi, na mume ana mzigo wa kufunga. Waliswali alfajiri, wakala mahamri, kisha kila mtu akashika njia yake. Basi mpwa wangu akaamua furaha ya Idi wailipe kwenye likizo za wenyeji. Mwaka Mpya wa Kichina unapofika viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi kwao, na wakala hana la kufanya. Mwaka mmoja walipanda treni ya kasi hadi Xi'an, kuuona Msikiti Mkuu. Aliniambia alipita mara mbili akiutafuta, kwani hauna kuba. Una bustani moja baada ya nyingine, na mnara wake ni kama banda la mbao lenye paa za pembe zilizoinuka. Walikula huko supu ya kondoo ambayo mteja hupewa bakuli na mkate mgumu, akaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo, kisha mpishi ndiye humimina supu. Mumewe aliumega mkate wa binti hadi ukawa kama punje. Mpwa wangu aliponisimulia hilo alinyamaza kidogo.

Mwaka mwingine walipita Kaifeng, ambako kuna msikiti wa wanawake peke yao tangu 1820, na imamu wake ni mwanamke anayewaswalisha na kuwasomesha wanawake wenziwe. Nilijua mtaniuliza hukumu yake. Mwanamke kuwaswalisha wanawake, akisimama katikati ya safu, ni jambo lililopokewa kutoka kwa Bibi Aisha na Bibi Ummu Salama (RA), na katika madhehebu yetu halina ubishi. Lililonishangaza ni kwamba watu wa mbali namna ile wamelijengea nyumba, na sisi wengi wetu bado twawapa wanawake chumba cha nyuma karibu na mabomba.

Januari 2020 mama na watoto walikuja Kenya kwa likizo hiyo hiyo ya Mwaka Mpya, na masanduku mawili ya nguo. Baba alibaki amalize mizigo. Machi 28 Uchina ikawafungia wageni mlango. Aprili, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa majumbani na mahotelini kwa hofu ya maradhi, hadi mabalozi wa nchi zetu wakaandika barua ya malalamiko. Mume wa mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Mwenye nyumba alibadilisha kufuli, naye akalala nje usiku mbili akiwa na begi moja. Vitu vya nyumba, na mbuzi ya nazi miongoni mwavyo, havikuonekana tena. Angeweza kurudi Kenya, lakini akirudi hangeruhusiwa kuingia tena, na duka la Luthuli lingekufa na kodi ya Kilimani pamoja nalo. Akakaa miaka mitatu.

Alipokuja Februari 2023, mtoto aliyemwacha na miaka miwili alikuwa na mitano na nusu. Alimtazama mlangoni, akaenda kuleta simu ya mama yake, akaiangalia, akamwangalia. Kwake baba alikuwa mtu wa ndani ya simu.

Na mwezi huo huo, tarehe 28, wafanyabiashara wa Nyamakima, Kamukunji na Gikomba waliandamana katikati ya jiji kulalamikia maduka ya Wachina yanayouza kwa bei ya kuwaua. Wengi walikuwa wateja wake, na madai yao yalikuwa na uzito. Mwenye duka dogo naye ana watoto. Alifunga duka, hakuandamana. Binti mkubwa alishuka ngazi asubuhi ile, akambishia hodi jirani wa chini, akamwambia kwa Kichina asitoke kwenda mjini siku hiyo. Hakuna aliyemtuma.

Aprili baba akarudi Guangzhou. Na hilo ndilo nililoitiwa: mama anataka kumfuata mwezi wa Disemba.

Nilisema niliyotumwa. Nilimtajia malezi, dini, ugeni, na usiku mbili za nje. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mjomba, yote hayo nayajua, nimeyaishi. Lakini kule tulikuwa nyumba moja. Hapa ninao msikiti, ninao jamaa, ninayo adhana, na watoto hawana baba." Nikamwuliza, na huyu mkubwa je? Alikuwa akijiandaa kwa KCPE. Shule za Kiingereza za Guangzhou ada yake haifikiki, na Kichina cha darasani kimemwacha nyuma miaka mitatu na nusu. Hapo akakosa jibu, akainama.

Jibu lilitoka ukumbini. Kumbe binti hakuwa amelala. "Babu," akaniambia, "mimi niachwe kwa nyanya Mombasa. Mimi nimeshakaa na baba. Mdogo wangu bado."

Mama yake alianza kulia, nami sikuwa na aya wala hadithi ya kusema wakati ule, nikanyamaza. Tulikaa hivyo hadi muadhini wa alfajiri. Nasaha niliyoibeba kutoka Mombasa sikuirudia tena. Nilimshauri mambo mawili tu: mkataba wa nyumba uandikwe safari hii kwa jina lao na wawe na nakala yake, na binti apigiwe simu na babake kila siku baada ya Isha ya kwetu, hata kama kule saa hiyo ni usiku wa manane. Baba asiye na usingizi kwa ajili ya binti yake hajapotelewa na kitu.

Siku ya nne walinisindikiza stesheni. Mpwa wangu akaniagiza nimtafutie Marikiti mbuzi nyingine ya nazi, iliyo imara, ya mti mzito.

Dada alikuwa barazani akinisubiri. "Umemkataza?" Nikamweleza yote, na maneno ya mjukuu wake nikamweleza kama yalivyotoka. Hakunijibu. Nikamwambia pia nimeagizwa mbuzi, kesho nitapita Marikiti. Akainuka, akaingia jikoni, nikasikia maji yakimwagika. Alitoka na ile yake ya siku zote, ameisugua hadi chuma kinang'aa, akaianika ukutani juani.

"Mbuzi za Marikiti za siku hizi hazina meno," akasema. "Mpelekee hii."