Lenana ya wikendi moja? Mimi hapana

Kuna tangazo linazunguka kila mwezi: Ijumaa usiku mnatoka Nairobi, Jumapili usiku mko nyumbani, na hapo katikati umepiga picha juu ya Lenana, mita 4,985. Watu wananiuliza kama nitaenda. Siendi, na si juu ya pesa, ingawa pesa pia sina.

Njia ya Sirimon naijua. Kutoka Old Moses, mita 3,300, hadi Shipton's, mita 4,200, ni kutembea kutwa. Unavuka Ontulili, unavuka Liki, unapanda ukingo, halafu bonde la Mackinder linafunguka mbele yako, lobelia kila mahali na Batian kule mwisho. Ni kuzuri ajabu. Na bonde lenyewe halina mpando mkali, ndiyo maana linadanganya watu. Miguu iko sawa, kumbe kichwa ndicho kinaanza kugonga.

Shipton's ni pa kulala tu. Vitanda vya kupandana, meza ndefu, baridi ya kukufanya ulale na kofia, na pimbi wanaozurura nje wakingoja mkate wako. Usiku ule kijana wa kundi lingine, la wikendi, alitapika tangu saa moja. Kiongozi wao akasema ni uchovu tu, anywe chai. Saa nane usiku wakamwamsha apande. Akasimama akiyumba kama mlevi. Mpagazi mmoja akakataa kabisa: "Huyu anashuka." Akachukua tochi, akamshika mkono, wakaondoka gizani. Asubuhi tuliambiwa ameanza kupata nafuu huko chini.

Ukishapita mita 3,000, madaktari wanashauri mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Hesabu mwenyewe: Old Moses hadi Shipton's ni 900. Ndiyo maana sisi tulilala Old Moses siku mbili. Sasa huyu aliyelala Nairobi juzi? Na usiniambie habari ya gym, bana. Huyo kijana alikuwa na kifua kuniliko.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa, muulize mwenye safari: mtu akiugua Shipton's usiku, nani anamshusha, na waliobaki wanabaki na nani? Nimeuliza watatu. Mmoja alinijibu kwa emoji ya mlima.