Daftari la Mwalimu na Sauti ya Chama

Ndugu mwanachuo, siku utakapoanza kazi utakabidhiwa mihtasari, chaki na daftari la mahudhurio. Yamkini hakuna atakayekueleza kwamba daftari hilo ni sehemu ya sauti yako katika chama cha walimu. Mimi nililitambua jambo hilo kwa kuchelewa, nilipokuwa mwalimu wa darasa la pili katika kata ya Ololosokwan, wilayani Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya.

Wakazi wengi wa huko ni Wamasai wafugaji. Kiangazi kinapokaza, mifugo huhamishiwa ronjo, yaani makambi ya muda ya malisho, na baadhi ya watoto hufuatana nayo. Kiangazi kimoja alikuja mtu wa kutathmini kazi yetu. Darasani mwangu alikuta watoto 26 kati ya 44. Akaandika kwamba mahudhurio ni duni na kwamba mwalimu hana juhudi. Nilitia sahihi bila kuongeza neno, kwani niliogopa, nikajidanganya kwamba kunyamaza ni adabu. Jioni mwenzangu alinishauri kwa nia njema, "Mwalimu, siku nyingine watilie vema wote." Nilikaribia kukubali.

Mwezi uliofuata tulikuwa na mkutano wa Chama cha Walimu Tanzania, chama kilichoundwa mwaka 1993. Kama ilivyo desturi, mazungumzo yalihusu mishahara na malimbikizo. Madai hayo ni ya haki. Hata mgomo wa mwaka 2012, uliositishwa kwa amri ya mahakama baada ya siku chache, ulidai nyongeza ya mshahara pamoja na posho ya mazingira magumu. Hata hivyo nilisimama nikaeleza yaliyonipata. Mwalimu mmoja mzee akaniuliza, "Je, una maandishi yanayoonyesha watoto hao walikuwa wapi?" Sikuwa nayo. "Basi, mwanangu, chama kitatetea nini?"

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Pendekezo la ILO na UNESCO kuhusu Hadhi ya Walimu, lililopitishwa mwaka 1966, lasema kwamba tathmini ya kazi ya mwalimu isiwe ya upendeleo, kwamba mwalimu ajulishwe matokeo yake, na kwamba anayo haki ya kukata rufaa. Aidha lataka vyama vya walimu vishirikishwe katika kupanga sera ya elimu. Lakini rufaa isiyo na ushahidi ni malalamiko tu.

Nikafungua daftari jipya. Kwa kila mtoto niliandika siku alizokosa, sababu yake, anachokijua katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na hatua niliyochukua. Katika watoto 18 waliokosekana, 11 walikuwa ronjo. Saba walikuwa nyumbani, mwendo mfupi kutoka shuleni. Watano kati ya hao saba hawakuweza hata kuunganisha silabi. Nyumbani walizungumza Kimasai, nami nilikuwa nimekimbiza masomo ya Kiswahili nikiwaacha nyuma, hata wakachoka kuja. Daftari nililolianza ili linitetee lilinishtaki pia.

Nililipeleka tawini pamoja na aibu yangu. Wengine walihofu kwamba tunampa mwajiri silaha ya kutupigia. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo tulikubaliana kwamba chama kinachotaka tathmini ya haki hakiwezi kuleta nusu ya ukweli, na kwamba kila mwalimu ataambatisha ukurasa wa daftari lake kwenye fomu yake. Tathmini iliyofuata bado ilitaja mahudhurio duni. Lakini safari hii sababu ziliandikwa, na ushauri ukatolewa juu ya wale watano.

Kila mageuzi ya elimu huja na mizani yake. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu mitihani iliyopima kukariri. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zilipangwa kwa rangi kufuatana na matokeo ya mitihani. Sera ya elimu ikarekebishwa mwaka 2023. Mtaala mpya ukaanza kutumika mwaka 2024. Na upimaji wa watumishi kwa fomu za OPRAS ukapisha mfumo wa kompyuta wa PEPMIS. Mizani isiyojua ronjo ni nini haiwezi kumpima sawasawa mwalimu wa Ololosokwan, na anayeweza kuieleza ni mwalimu mwenyewe, kupitia chama chake.

Basi, ndugu mwanachuo, anza wakati wa mazoezi ya kufundisha. Kila Ijumaa andika nani hakuja, kwa nini, nani hakuelewa, na wewe ulifanya nini. Usitilie vema mahali pasipostahili. Kisha nenda mkutanoni na daftari lako, ukalisome lote, pamoja na kurasa zinazokuumbua.