Makaburi ya Lothagam: hata mtoto mchanga alipewa nafasi



Juma hili tunasafiri kwa ramani ya darasani. Tutoke Goma, tupite Kampala, tuingie Kenya, tufike Kitale, kisha tushuke hadi Lodwar, katika nchi ya Waturkana. Huko hatuoni majani ya Masisi wala msitu wa Walikale. Ni jua, mchanga na mawe. Upande wa magharibi wa ziwa Turkana, mahali paitwapo Lothagam, kuna tuta la mawe la duara, lenye upana wa mita 30 hivi. Ndani yake ni makaburi.

Lilijengwa na wafugaji wa kwanza wa eneo lile, miaka karibu 5000 iliyopita. Wakati ule mvua ilikuwa ikipungua na maji ya ziwa yakirudi nyuma. Maisha yalikuwa yakibadilika, lakini wafu wao waliwaleta pale pamoja, vizazi kwa vizazi. Mwishoni walijaza shimo, wakalifunika kwa mawe. Juu yake wakasimamisha nguzo za mawe.

Watafiti walichimba sehemu ndogo tu. Mwaka 2018 walitangaza hesabu yao: si chini ya watu 580. Wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga, wote pamoja. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi. Hapakuonekana mkubwa aliyetengewa mahali pake.

Habari hii ilitugusa. Wengi wetu tulikimbia vita tukaacha makaburi nyuma. Wengine tulizika mtoto njiani, bila hata jiwe. Tukaambiwa: alikuwa mdogo, sahau tu, utazaa mwingine. Watu wa Lothagam hawakumsahau mdogo.

Kule Kenya, sheria ya mwaka 2006 inakataza kuchimba mahali pa kale bila ruhusa. Makaburi yetu sisi hayana mlinzi. Basi tuanze na daftari. Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mama anayependa atoe jina la mtu wake, mwaka, kijiji, na alama ya mahali: mti gani, kijito gani, nyumba ya nani. Asiyejua kuandika, mwenzake amwandikie. Siku tutakaporudi, watoto wetu watajua pa kwenda.